Kukarabati na Kupendezesha Nyumba kwa Bajeti Ndogo: Mwongozo Kamili

Pesa nyingi za ukarabati hupotelea kwenye kazi inayorudiwa. Ukuta unapakwa rangi nzuri, mvua mbili tatu zinapita, rangi inavimba na kubanduka, fundi anaitwa tena. Vigae vipya vinabandikwa bafuni, kisha bomba linalovuja nyuma yake linalazimisha vibomolewe. Mwenye bajeti ndogo hana uwezo wa kulipia kitu kimoja mara mbili. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na maji, unapitia plasta, na rangi inafika katikati ya safari. Ukifuata mpangilio huo, hata rangi ya bei ya kati itakaa miaka.

Zunguka nyumba kabla ya kununua chochote

Chukua daftari, futi na tochi. Pita nje kwanza, kisha ndani chumba kwa chumba, ikiwezekana siku moja baada ya mvua kubwa, maana wakati huo nyumba haifichi kitu. Andika kila kasoro na uigawe katika mafungu matatu: yanayoharibu nyumba au kuhatarisha watu (kuvuja, nyaya zilizochubuka, ngazi zilizolegea), yasiyofanya kazi (mlango usiofunga, bomba linalodondosha), na yasiyopendeza. Pesa itoke kwa mpangilio huo huo. Watu wengi huanza na fungu la tatu kwa sababu ndilo linaloonekana na wageni, na hapo ndipo bajeti inapovunjika.

Tenga asilimia 15 ya bajeti yote kama akiba na usiiguse. Katika nyumba ya zamani, kila plasta inayobanduliwa hufichua jambo jipya.

Mpangilio wa kazi ni huu: paa na maji, halafu umeme na mabomba yanayopita ndani ya ukuta, useremala, plasta, rangi ya dari, rangi ya kuta, milango na fremu, sakafu, na mwisho taa na mapazia. Vumbi na matone hushuka chini, kwa hiyo unatoka juu kwenda chini. Ukiweka sakafu kabla ya kupiga msasa dari, utaisafisha kwa wiki nzima na bado itabaki na mikwaruzo.

Kama familia inaishi humo humo, maliza chumba kimoja kabisa kabla ya kugusa kingine, na uanze na chumba kidogo kisichotumika sana. Huko utajifunza mkono wako unavyokwenda na rangi inavyokunywewa na ukuta, na makosa ya mwanzo hayatakaa sebuleni.

Unyevu: jua maji yanatoka wapi

Hapa usiwe na haraka. Hakuna rangi, hata ile inayotangazwa kuwa ya kuzuia maji, inayoponya ukuta ambao bado unalishwa maji kwa nyuma. Maji huingia kwa njia nne, na kila moja ina dalili zake.

Maji ya kutoka juu huacha doa la kahawia lenye ukingo mweusi zaidi, na doa hukua kila mvua inaponyesha. Mara nyingi tundu haliko juu ya doa: maji hutiririka kwenye mbao za kenchi na kudondoka mbali na yalipoingilia. Angalia misumari ya bati ambayo washa zake (vipete vya mpira vya kuzuia maji) zimekauka na kupasuka, maungio ya pande mbili za paa, na gata zilizojaa majani. Kusafisha gata hakugharimu chochote na huponya kuta nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Maji ya kutoka ardhini huchora mkanda wa unyevu kuanzia chini ya ukuta, kwa kawaida hadi karibu mita 1, na juu yake hujitokeza unga mweupe. Unga huo ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka ardhini. Toka nje uangalie: je, udongo, mchanga au bustani imerundikwa hadi kupita usawa wa sakafu ya ndani? Uondoe hadi uwe angalau sentimita 15 chini ya usawa huo, na uhakikishe ardhi inainama kutoka ukutani ili maji ya mvua yakimbie. Chumvi iondoe kwa brashi kavu na uizoe. Usiioshe, kwa kuwa maji yataiyeyusha na kuirudisha ndani ya plasta. Plasta iliyogeuka unga ibomoe hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, uache ukuta wazi ukauke kwa wiki kadhaa kabla ya kupiga plasta mpya. Ukuta wa namna hii usiupake rangi ya mafuta, kwani inafunga unyevu ndani na kubanduka vipande vipande. Rangi ya maji isiyong'aa, au chokaa, huuacha upumue.

Bomba linalovuja ndani ya ukuta hutoa doa lisilojali kama ni kiangazi au masika. Funga koki zote za nyumba, hakikisha tangi la choo limejaa, soma mita ya maji, kaa saa mbili bila mtu kutumia maji, kisha usome tena. Mita ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja, na fundi bomba aje kabla ya fundi rangi.

Njia ya nne ni mvuke wa ndani: wa kupika, kuoga, kuanika nguo, hata pumzi za watu waliolala. Huu hutoa ukungu mweusi kwenye pembe za chumba na nyuma ya kabati. Ukiwa na shaka kati ya mvuke na maji ya ukutani, kata nailoni safi ya sentimita 30 kwa 30, ibandike ukutani kwa tepu pande zote nne pasiingie hewa, na uiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa nyuma, unaogusa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa: fungua madirisha wakati wa kupika na baada ya kuoga, na usogeze makabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani.

Ukungu wenyewe uuwe kabla ya kupaka. Changanya sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe na sehemu 3 za maji, paka kwa sifongo, acha dakika 20, suuza kwa maji safi, kisha acha pakauke kabisa. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, na kamwe usiichanganye klorini na asidi ya kusafishia choo wala dawa yoyote yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Ukipaka rangi juu ya ukungu ulio hai, utatokeza tena kupitia rangi mpya.

Nyufa na plasta iliyokufa

Si kila ufa ni wa fundi rangi. Ufa mwembamba kama uzi ni plasta iliyosinyaa wakati wa kukauka, nao hautishi. Ufa unaokata mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, wenye upana wa zaidi ya milimita 5 au mpana zaidi upande mmoja, unaashiria kuwa msingi unatembea. Weka alama za penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe na upana, upime tena baada ya miezi 3. Ukiwa umekua, tafuta mhandisi wa majengo, na chumba hicho usikitumilie pesa ya mapambo kwanza.

Nyufa za kawaida hazizibwi kwa kupakaza puti (uji mzito wa kuziba na kulainisha ukuta) juu. Panua ufa kwa ncha ya skrepa hadi uwe na umbo la V lenye upana na kina cha milimita 5 hivi, ondoa vumbi kwa brashi, lowanisha kidogo, kisha shindilia puti hadi ndani na uiache imevimba kidogo juu ya ukuta, kwa sababu ikikauka itazama. Kesho yake piga msasa namba 120, malizia na 180. Ufa kati ya ukuta na fremu ya mlango huchezacheza kila mlango unapofungwa, kwa hiyo uzibe kwa ziba-nyufa ya akriliki inayonyumbulika na kupakika rangi. Puti ngumu hapo itapasuka tena.

Halafu gonga kuta zote kwa mpini wa bisibisi. Sauti nzito ni plasta iliyoshika. Sauti tupu ni plasta iliyoachana na tofali. Iondoe hadi ufike kwenye sehemu iliyoshika, piga kingo ziwe wima badala ya kuchongoka, fagia, na umwagie maji tofali ili lisinyonye maji ya plasta mpya. Changanya sementi 1 kwa mchanga laini uliochekechwa 5. Wapo wanaoongeza sementi wakidhani plasta itakuwa imara zaidi. Kinyume chake, plasta yenye sementi nyingi husinyaa sana na kupasuka. Tabaka moja lisizidi milimita 12. Shimo likiwa refu, piga tabaka la kwanza, likwaruze kwa ncha ya mwiko kabla halijakaza, na uongeze la pili siku inayofuata. Nyunyizia maji kwa siku 3 hadi 4 ili isikauke kwa pupa.

Plasta mpya ya sementi inahitaji takriban wiki 4 kabla ya kupakwa. Sementi changa ina alkali kali, na rangi ya mafuta ikikutana nayo hugeuka utando laini unaonata na kubanduka. Rangi ya maji nayo hutoka mabaka. Kama ratiba haikuruhusu kungoja, tumia praima (rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe) iliyoandikwa kuwa inahimili alkali, na hata hivyo plasta iwe imekwisha kukauka na kubadilika kutoka kijivu kizito hadi kijivu cheupe.

Kama ukuta ni mbaya kote, puti ya ukuta mzima ndiyo hutoa ule uso laini wa nyumba mpya. Mfuko wa kilo 25 hutosha takriban mita za mraba 17 hadi 25 kwa tabaka mbili nyembamba. Changanya kidogo kidogo. Puti iliyoanza kukaza usiifufue kwa kuongeza maji, maana ikikauka itabaki unga tu.

Tambua rangi ya zamani

Chovya kitambaa cheupe kwenye spiriti na usugue mahali pasipoonekana. Rangi ikitoka kwenye kitambaa, ni ya maji. Isipotoka, ni ya mafuta. Rangi ya maji haishiki vizuri juu ya mafuta yanayong'aa: utaiona nzuri kwa miezi michache, kisha ukucha wa mtoto utaibandua yote. Juu ya rangi ya mafuta piga msasa namba 120 hadi mng'ao wote ufe, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, na upake praima inayoshika kwenye nyuso ngumu.

Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, ukuta una chokaa au rangi iliyochoka, na rangi yoyote mpya itashika vumbi badala ya kushika ukuta. Sugua kwa brashi ngumu, osha, kisha upake praima ya kushikisha unga huo. Halafu jaribu na tepu: chora alama ya X kwa wembe, bandika tepu juu yake na uivute kwa ghafla. Ikija na vipande vya rangi, kwangua.

Onyo moja kwa wenye nyumba za zamani na watoto wadogo. Rangi za zamani, hasa za mafuta, huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi za aina hiyo majumbani mwaka 1978. Rangi unayoishuku usiipige msasa mkavu wala kuichoma. Lowanisha, tumia msasa wa maji, tandaza nailoni sakafuni, ondoa watoto, zoa kila kipande, na usifagie vumbi hilo likiwa kavu.

Hesabu rangi kabla ya kwenda dukani

Lita 1 ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja (yaani tabaka moja) kwenye ukuta laini, na 6 hadi 8 kwenye ukuta wa kukwaruza. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5, chenye urefu wa mita 2.7 kwenda juu. Jumla ya pande zote ni mita 15. Zidisha kwa 2.7, unapata mita za mraba 40.5. Toa mlango mmoja (0.9 kwa 2.1, yaani karibu 1.9) na madirisha mawili ya mita za mraba 1.5 kila moja, zinabaki 35.6. Mikono miwili ni 71.2, gawanya kwa 10: lita 7.1. Nunua 8. Dari ya chumba hicho ni mita za mraba 14, kwa hiyo mikono miwili inahitaji chini kidogo ya lita 3.

Nunua rangi yote ya chumba kwa siku moja, na kama ni makopo mawili, yamimine kwenye ndoo moja kubwa na uyakoroge pamoja. Makopo ya rangi iliyochanganywa dukani hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo itaonekana katikati ya ukuta pale kopo la kwanza lilipoishia.

Usibane pesa kwenye brashi na rola. Brashi ya bei ya chini kabisa huacha nywele zake ukutani na mistari isiyofutika. Unahitaji brashi moja ya inchi 2 kwa kingo, rola ya manyoya ya milimita 10 hadi 12 kwa ukuta laini (milimita 18 kwa ukuta wa kukwaruza), rola ndogo ya sifongo ya inchi 4 kwa milango, fimbo ya kurefushia rola, na tepu ya karatasi. Hizo ukiziosha vizuri zitamaliza nyumba nzima.

Kupaka

Zima swichi kuu na uthibitishe kwa testa, kisha fungua vifuniko vya soketi na swichi. Dakika tano hizo ndizo zinazotofautisha kazi safi na kazi ya kulipua, kwani vifuniko vilivyopakwa rangi huonekana kutoka mlangoni. Nyaya zilizolegea au zilizoungua mwachie fundi umeme.

Madoa ya maji yaliyokwisha kukauka, moshi, na mafuta ya jikoni hupenya rangi ya maji hata ukipaka mikono minne. Yafunge kwanza kwa praima ya mafuta ya kuzuia madoa. Plasta na puti mpya zipake mkono wa kwanza wa rangi iliyopunguzwa, sehemu 1 ya maji kwa sehemu 4 au 5 za rangi, isipokuwa kopo limeelekeza vingine. Ukuta wenye kiu ukipewa rangi nzito moja kwa moja huinyonya maji yake na kuacha utando juu usioshika.

Paka kingo kwa brashi upana wa sentimita 5 hadi 7, lakini za ukuta mmoja tu, halafu endelea na rola papo hapo kingo zingali mbichi. Ukipaka kingo za chumba kizima asubuhi na kuta mchana, kutabaki fremu iliyokolea kuzunguka kila ukuta. Jaza rola, kamua ziada kwenye trei, chora W ya upana wa karibu mita 1, ijaze bila kunyanyua rola, kisha malizia kwa mapitio mepesi kutoka juu hadi chini, yote upande mmoja. Songa mbele, ukigusa kila mara ukingo mbichi uliotangulia. Usirudi kwenye sehemu iliyoanza kukauka ili kurekebisha. Subiri mkono wa pili.

Rangi ya maji huruhusu mkono wa pili baada ya saa 4 hivi, na ya mafuta baada ya saa 16 hadi 24. Hali ya hewa ikiwa na unyevu, ongeza muda. Tepu ivute rangi ikiwa bado mbichi kidogo, kwa pembe ya nyuzi 45. Ukingoja ikauke kabisa, itabandua ukingo. Rangi ya maji hukomaa kwa wiki 2 hadi 4, na kabla ya hapo usisugue ukuta kwa sabuni.

Kasoro zikijitokeza, zina sababu zake:

- Malengelenge: unyevu nyuma ya rangi, au ukuta ulipakwa ukipigwa na jua kali.
- Mabaka yanayong'aa tofauti: viraka vya puti havikupakwa praima.
- Rangi ya mafuta iliyokunjamana: ilipakwa nene, juu imekauka na chini bado mbichi. Iache ikauke hadi chini, piga msasa, upake upya nyembamba.
- Rangi nyeupe ya mafuta iliyogeuka manjano: iko mahali pasipo na mwanga. Ndani ya makabati na kwenye korido tumia enameli ya maji (rangi ngumu inayong'aa isiyo ya mafuta).

Makabati ya jikoni na milango

Kubadilisha makabati ni gharama kubwa. Kuyapaka upya huchukua siku nne hadi tano na huleta badiliko kubwa kuliko kitu kingine chochote jikoni, mradi mbao zenyewe hazijavimba kwa maji. Mbao za unga (chipboard) zilizovimba chini ya sinki hazirudi. Badilisha ubao huo peke yake.

Ondoa milango na uipe namba: andika kwa penseli ndani ya tundu la bawaba, na namba hiyo hiyo ndani ya kabati. Skrubu za kila mlango zitie kwenye mfuko wake. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, mara mbili karibu na jiko, suuza, kausha. Mafuta ya kupikia ndiyo adui mkubwa wa kazi hii, kwani msasa huyasukuma ndani ya mbao badala ya kuyaondoa, kwa hiyo osha kabla ya msasa. Piga msasa namba 120, kisha 150. Uso wa laminati unahitaji praima ya kushika nyuso laini, vinginevyo rangi itatoka kama ngozi. Baada ya praima piga msasa 220 kwa wepesi, futa, paka mikono miwili myembamba kwa rola ya sifongo, ukiacha siku nzima katikati.

Kabla ya kununua vipini vipya, pima umbali kati ya katikati ya tundu moja na katikati ya lingine. Vipimo vya kawaida ni milimita 96 na 128. Vya ukubwa uleule vitaingia bila kutoboa. Ukipenda vya ukubwa tofauti, ziba matundu kwa puti ya mbao kabla ya praima. Matundu ya skrubu za bawaba yaliyolegea yajaze njiti za kiberiti zilizochovywa gundi ya mbao, acha gundi ikauke, kata zilizozidi, na skrubu itauma tena. Rangi hukauka kwa kugusa haraka, lakini ugumu wake hukamilika baada ya wiki 2 au 3. Bandika vipande vidogo vya sponji ndani ya pembe za milango ili isigandamane na kabati.

Bafu bila kung'oa vigae

Mara nyingi vigae ni vizima na kilichochakaa ni grauti, ile saruji laini inayojaza mistari katikati yake. Kwangua grauti ya zamani hadi kina cha milimita 2 au 3 kwa kikwangulio chake, fyonza vumbi, changanya mpya iwe nzito kama dawa ya meno, iache dakika 10, ikoroge tena bila kuongeza maji. Ishindilie kwa mpira wa grauti ukienda mshazari, ili ukingo wa mpira usiichote kutoka kwenye mistari. Baada ya dakika 15 hadi 20 futa kwa sifongo kilichokamuliwa sana, mshazari vilevile. Sifongo chenye maji mengi huosha saruji iliyo juu, na grauti hubaki na mabaka na kutoka unga.

Kwenye pembe za kuta mbili, na pale ukuta unapokutana na beseni au sakafu, usitie grauti. Sehemu hizo hutembea na grauti hupasuka. Ni kazi ya silikoni ya bafuni. Toa ya zamani yote, kwa sababu silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani, futa kwa spiriti, bandika tepu pande zote mbili za mstari, kamua, lainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, na uvute tepu kabla haijaganda. Kama ni beseni la kuogea, lijaze maji kwanza na uliache limejaa hadi silikoni ikauke. Likiwa tupu huwa limenyanyuka kidogo, na siku ya kwanza mtu akiingia mstari utapasuka. Pasiloe maji kwa saa 24.

Rangi ipi, mwanga upi, mapazia gani

Usichague rangi kwenye kipande cha karatasi cha dukani. Paka mikono miwili kwenye ubao au kadi ya ukubwa wa A3, uihamishe ukutani asubuhi, mchana na usiku taa zikiwaka. Kwa familia yenye watoto, korido na sebule zitake rangi yenye mng'ao hafifu inayofutika, na dari isiyong'aa kabisa. Kumbuka tu kwamba kadiri rangi inavyong'aa ndivyo inavyofichua mawimbi ya plasta, kwa hiyo ukuta usionyooka upe rangi isiyong'aa.

Balbu za LED za wati 9 hutoa mwanga wa takriban lumeni 800, sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Namba yenye herufi K kwenye boksi (Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga) ndiyo huamua hisia ya chumba: 2700 hadi 3000 kwa sebule na vyumba vya kulala, 4000 kwa jiko na meza ya kusomea. Usichanganye hizo mbili ndani ya chumba kimoja. Sebule yenye taa moja katikati ya dari huonekana tupu hata ikiwa na samani nzuri. Taa mbili ndogo za pembeni husaidia kuliko samani mpya.

Fimbo ya pazia ifunge sentimita 10 hadi 15 juu ya dirisha na ipite kila upande kwa sentimita 20, ili mapazia yakifunguliwa yasizibe kioo. Dirisha la mita 1.5 linataka fimbo ya mita 1.9 na kitambaa cha jumla ya upana wa mita 3.8, yaani mara mbili. Chini ya hapo pazia hukosa mikunjo. Ongeza sentimita 20 kwenye urefu kwa ajili ya pindo za juu na chini, na kama ni pamba, fua kitambaa kabla ya kukata, maana husinyaa.

Kukubaliana na fundi, na kufunga kazi

Kazi inayohitaji fundi iandikwe kwenye karatasi: chumba kipi, mikono mingapi ya rangi, nani ananunua vifaa, nani anazoa taka, lini inakwisha. Nunua vifaa mwenyewe kwa orodha ya fundi uliyoihakiki kwa hesabu zilizo hapo juu. Lipa kwa hatua, si kwa ahadi: sehemu baada ya matayarisho ya ukuta, ambayo uyakague kwa mkono wako kabla rangi haijaguswa, sehemu baada ya mkono wa kwanza, na ubakize asilimia 10 hadi kasoro za mwisho zirekebishwe. Kagua kasoro hizo usiku kwa tochi iliyolazwa sambamba na ukuta. Kila mstari wa rola na kila kiraka kitajitokeza.

Kazi ikiisha, mimina rangi iliyobaki ya kila chumba kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, bandika karatasi yenye jina la chumba, namba ya rangi na tarehe, na uihifadhi mahali pasipo na jua. Nusu lita inatosha kuziba mikwaruzo ya miaka kadhaa bila kulazimika kupaka upya ukuta mzima.